Njia Kwanza, Mpaka Baadaye: Namna Ninavyochora Wanyama wa Nchi Mbili

Tafuta picha ya tembo na Mlima Kilimanjaro. Hutahangaika: imo kwenye kalenda za maduka ya dawa, kwenye fulana za watalii, kwenye kuta za hoteli. Mbele kuna tembo, nyuma yake mbuga yenye vumbi, na juu kabisa theluji. Sasa shika kalamu nyekundu, ujiulize: mpaka uko wapi hapa?

Picha za namna hiyo nyingi zimepigwa Amboseli, Kenya. Mlima uko Tanzania. Kwa hiyo mpaka umepita katikati ya picha, mahali fulani kati ya mgongo wa tembo na msitu wa mlimani, ila hauonekani. Kalenda moja ya aina hiyo ilining'inia juu ya makopo yangu ya rangi pale Namanga kwa miaka, enzi nikiandika mabango ya saluni na hoteli. Kila wiki nilikuwa navuka mpaka huohuo kwenda kununua brashi upande wa pili, nisiuone kwenye picha. Siku nilipouona ndipo nilipoanza kazi ninayoifanya hadi leo: kuchora mipaka tuliyoiweka sisi watu, na wanyama wanaolazimika kuishi nayo.

Vijana wanaoanza huniuliza nafanyaje. Naeleza hapa ninavyofanya, na palipohitaji vipimo nimeviweka.

Kalenda na rula

Zoezi la kwanza ni hilohilo la kalenda. Piga mstari mmoja mwekundu kwa rula, chini ya mlima na juu ya mgongo wa tembo. Usipambe, usiandike neno. Ibandike mahali unapokula, uiangalie kwa wiki nzima. Utaanza kuona vitu vingine vinavyovuka mstari ule. Maji, kwa mfano. Vinamasi vya Amboseli, ambamo tembo husimama maji yakiwafika tumboni hata wakati wa kiangazi, hupata maji yake kutoka Kilimanjaro, yakisafiri chini ya ardhi. Mvua inanyesha Tanzania, tembo ananywa Kenya.

Kisha fungua ramani. Kutoka baharini mpaka unakwenda umenyooka, unafika mlimani unapinda kuuzunguka, halafu unanyooka tena hadi Ziwa Victoria. Waingereza na Wajerumani waliukubali mstari huo mwaka 1886 wakiwa mezani Ulaya, na mwaka 1890 wakaurefusha hadi ng'ambo ya ziwa. Ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima siku ya kuzaliwa haina ukweli. Tafadhali usiichore. Nimeshaiona kwenye maonyesho mawili, na inaiharibu kazi nzuri kwa sababu inamfanya mtazamaji acheke wakati anatakiwa atazame.

Mstari huo umenifundisha kanuni moja ninayoishika sana: njia ya mnyama huchorwa kwanza, kwa mkono mtupu, polepole, kwa mkaa. Mpaka huja baadaye, kwa rula, bila kusita. Ukianza na mpaka, mkono wako utautii. Utajikuta unaipindisha njia ifuate mstari, au unaikatisha pale kana kwamba mnyama amefika kwenye dirisha la uhamiaji. Njia ni za zamani kuliko mstari. Zitangulie na kwenye ubao.

Kwenda kuona kwa macho

Usichore kutoka kwenye simu. Nenda. Mimi huenda Sinya, Tingatinga, na kuelekea Kitendeni, wilayani Longido, mahali ambapo tembo wa Amboseli huingia Tanzania na kurudi. (Kijiji cha Tingatinga hakihusiani na Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Dar es Salaam aliyefariki mwaka 1972, aliyepaka hadibodi kwa rangi za baiskeli. Lakini kila nikipita pale namkumbuka, na hadibodi bado ndiyo ninayoitumia.)

Kabla ya lolote pita ofisi ya serikali ya kijiji, useme unachofanya. Kama ni eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, waone na askari wao, na ukubali wakikwambia uende na mmoja wao. Mwaka wangu wa kwanza sikufanya hivyo. Nilichuchumaa kando ya bikoni, zile nguzo za zege zinazoonyesha mpaka, nikawa nainakili kwa karatasi na mkaa. Nilishikiliwa tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi, daftari langu likipekuliwa ukurasa kwa ukurasa. Nilikasirika siku ile. Sasa najua kwamba mtu anayechora alama ya mpaka bila kuaga anatia shaka, na walinzi walikuwa na haki ya kuuliza. Siku hizi nabeba barua.

Mwenyeji wako awe mchungaji wa ng'ombe. Dereva wa watalii anajua tembo walipo leo asubuhi. Mchungaji anajua walikopita mwaka wa ukame, na kwa nini hawapiti tena. Ukikutana na wazee, salimia kwanza, kaa chini, acha daftari ndani ya mfuko. Watakuuliza wenyewe umebeba nini.

Katika mfuko wangu kuna nailoni angavu ya kufunikia madaftari, kalamu ya wino usiofutika, uzi wa mita tano, mkaa na karatasi za manila. Ukipata unyayo safi wa tembo, tandika nailoni juu yake bila kuukanyaga, ufuatishe kingo zake kwa kalamu. Unyayo wa mbele ni wa mviringo, wa nyuma umerefuka kama yai. Ndani yake kuna mikunjo na nyufa, na hakuna tembo wawili wenye mikunjo inayofanana, ichore yote. Kisha zungusha uzi kwenye ukingo wa unyayo wa mbele. Urefu huo ukiuzidisha mara mbili, unapata takriban kimo cha tembo huyo begani. Kata uzi wako kwa kipimo hicho, uupeleke nyumbani, uusimamishe ukutani. Mimi niliposimamisha uzi wa kwanza ulipita juu ya mlango wangu. Tangu siku hiyo niliacha kuchora tembo wadogo.

Udongo wa huku na wa kule

Rangi ya kwanza kwenye ubao wangu ni udongo wenyewe. Chekecha udongo mkavu kwa soksi ya nailoni hadi uwe laini kama unga. Vijiko vitatu vya udongo, kijiko kimoja cha gundi nyeupe ya mbao, maji kidogokidogo hadi uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Piga hadibodi msasa, paka mkono wa kwanza mwembamba, acha ukauke kabisa, rudia mara mbili. Ukipaka mzito kwa pupa utapasuka wote ndani ya siku mbili.

Udongo wa Longido umekwiva wekundu. Ule wa pembeni mwa Amboseli, kwenye ziwa lililokauka, ni mweupe wa vumbi na chumvi. Mtu anaweza kudhani basi kila nchi ina rangi yake. Ndiyo maana nakushauri ufanye jaribio hili: chukua udongo hatua tano kusini mwa bikoni, na mwingine hatua tano kaskazini yake, upake pamoja. Kuvusha udongo kati ya nchi si jambo la kufanya kienyeji, kwa sababu ya magonjwa ya mimea, kwa hiyo mimi nilimwomba rafiki yangu wa upande wa Kenya apake karatasi yake hukohuko kwao, na siku tulipoonyesha kazi tukazitundika jirani. Watu walisogea karibu, wakarudi nyuma, wakasogea tena. Hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

Kutu ya waya

Mpaka wa nchi mbili hapa kwetu hauna ukuta wala uzio. Ni nguzo zilizopandwa mbalimbali. Kinachomsimamisha mnyama, mara nyingi, ni waya wa mtu binafsi: kiwanja kilichopimwa, shamba, malisho yaliyogawanywa. Kwa hiyo sehemu hii ya kazi inahusu waya, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Nenda kwa wauza vyuma chakavu ununue seng'enge ya miba iliyoshika kutu. Vaa glovu nene, na uwe umechomwa sindano ya pepopunda. Sisemi kwa kujaza maneno. Nunua kitambaa cha pamba tupu, bafta au marekani, mita mbili. Kifue kwa sabuni na maji ya moto ili wanga wote wa dukani utoke. Changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, ulowanishe kitambaa, ukikamue kisidondoke. Sasa tandika waya juu ya kitambaa kwa umbo unalotaka. Mimi hunyoosha nyuzi tatu sambamba, kama zilivyo kwenye uzio wa kweli, kisha nakunja kitambaa juu yake na kukanyagiza kwa mawe. Funika kwa nailoni kisikauke. Acha siku mbili, tatu kama ni msimu wa baridi. Usifunuefunue.

Ukifunua utakuta waya umejichora wenyewe, wa rangi ya chungwa mahali pengine na wa kahawia iliyoiva pengine, na kila mwiba umeacha nyota yake. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili siki iache kufanya kazi, kisha fua kwa sabuni na uanike kivulini. Kutu ikibaki na siki inaendelea kula pamba, na baada ya mwaka kitambaa kitakuwa na tundu mahali pa mwiba. Niliwahi kupoteza kazi mbili hivyo.

Juu ya kitambaa hicho chenye kutu ndipo naweka wanyama. Hapa lazima ujue kila mmoja anavyouona waya, maana hawauoni sawa. Pofu, pamoja na uzito wake, huruka mita mbili. Ngiri hupita chini. Twiga hujaribu kuvuka na kunaswa miguu. Tembo haruki kamwe. Huvunja au huzunguka, na baadhi yao wamejifunza kuvunja hata waya wa umeme kwa pembe, kwa kuwa pembe haipitishi shoti. Nyumbu hugeuka ubavu na kuufuata waya, akitafuta mwisho wake. Chora huko kugeuka. Usichore mnyama analia au anatoka damu. Mchoro wa damu humfanya mtu ageuze uso. Nyumbu aliyegeuka ubavu, wenzake mia wakiwa nyuma yake nao wamegeuka, humfanya mtu aufuate waya kwa macho hadi kona ya kitambaa, naye atafute mwisho.

Kuna hesabu moja ninayopenda kila mwanafunzi aifanye kwa mkono wake. Nyumbu wa mbuga za Athi-Kaputiei, wale waliokuwa wakiingia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi wakati wa kiangazi na kutawanyika kusini mvua zikianza, walikuwa karibu 30,000 mwaka 1978. Kufikia mwaka 2011 walikuwa chini ya 5,000. Katikati ya miaka hiyo ardhi iligawanywa viwanja, nyua zikapanda, Kitengela ikawa mji. Chukua karatasi mbili za ukubwa mmoja. Kila nyumbu kumi wawe alama moja ya brashi: kiwiliwili, kichwa, mkia. Karatasi ya kwanza inahitaji alama 3,000. Mimi ilinichukua jioni nne, na bega likauma. Ya pili ni alama 500. Niliimaliza kabla chai haijapoa kwenye chupa, nikabaki nimeshika brashi yenye rangi na karatasi ina nafasi tele. Huwezi kuelezwa jambo hilo. Ni mpaka mkono wako ufike mahali hauna pa kuendelea.

Na kuna waya ambao haupo tena. Kwenye misitu ya mpaka wa Ujerumani na Chekoslovakia ya zamani kulikuwa na uzio wa umeme hadi mwaka 1989. Watafiti waliwafunga kulungu wekundu wa huko vifaa vya kufuatilia mienendo, wakakuta kwamba robo karne baadaye bado wengi hawavuki pale uzio ulipokuwa, ingawa waliouona kwa macho walishakufa. Ndama hujifunza njia kutoka kwa mama yake. Ukitaka kuchora hilo, lowanisha kitambaa na siki, weka waya kwa saa sita tu, utoe. Utapata alama hafifu sana. Wachore wanyama wakisimama mbele ya alama hiyo.

Tembo mmoja, mihuri miwili

Tembo wa Amboseli wanajulikana mmoja mmoja. Mtafiti Cynthia Moss na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia tangu mwaka 1972, na huwatambua hasa kwa masikio: mpasuko, tundu, mishipa. Kwa hiyo usichore tembo wa jumla. Chora sikio kwanza, kwa uangalifu uleule unaoutumia kuchora uso wa mtu.

Mchore akiwa anatembea, ubao mzima, miguu ya mbele upande mmoja na ya nyuma upande wa pili. Tumia brashi ileile na rangi ileile. Kisha piga mstari. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania hutoa vibali vya uwindaji wa kitalii. Kati ya Septemba 2023 na mapema 2024 madume kadhaa wenye pembe kubwa waliuawa kwa vibali upande wa Tanzania, karibu na mpaka, na watu wa pande zote mbili wakabishana kwa uchungu. Mimi ni Mtanzania na najua wanaosema fedha ya vibali inafika vijijini. Ila nimesimama kwenye nyayo za madume hao, na siamini kwamba hatua moja inaweza kumbadilisha mnyama akawa kitu kingine. Kwenye kona moja ya ubao nilipiga muhuri wa neno ANALINDWA, kwenye kona nyingine ANA KIBALI. Mihuri nilichonga kwenye kandambili ya zamani; mpira wake unachongeka vizuri kwa wembe. Kumbuka kuchonga herufi kinyumenyume.

Mwenye uzio naye awemo

Jambo hili nililikosa kwa muda mrefu. Michoro yangu ya mwanzo ilikuwa na waya bila watu, kana kwamba waya uliota. Kisha mama mmoja wa upande wa Kilimanjaro Magharibi alinionyesha shamba lake: nusu eka ya mahindi iliyokuwa imekaribia kukomaa, imeliwa usiku mmoja na tembo watatu. Alikuwa amezungushia nyuzi tatu za waya na makopo ya maziwa yenye mawe ndani ili yapige kelele. Aliniuliza, bila hasira, "Mwanangu, wewe ungefanyaje?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nilimwomba nimchore akifunga makopo yake. Basi kila ukichora waya, mtafute aliyeufunga, ukae naye, uchore mikono yake. Ukimwacha nje, umechora uongo, na wenyeji watauona kabla hujamaliza kutundika.

Kutundika

Onyesha kwanza pale kazi ilipotoka. Mimi hutundika siku ya mnada wa ng'ombe, maana watu wa pande zote mbili wanakuja. Omba ruhusa, funga kamba kati ya miti miwili, tundika vitambaa kwa vibanio vya nguo usawa wa macho ya mtu mzima. Upepo ukivitikisa, viache. Mbao za udongo ziegemeze kivulini; jua la saa saba huzikunja.

Onyesho langu la kwanza la namna hiyo, alifika koko mmoja, yaani bibi kwa Kimaasai, akitembelea fimbo, akasimama mbele ya kitambaa chenye njia za tembo kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Akaniambia nimekosea. Hawakuwa wakishuka pale nilipochora. Walishuka mashariki yake, kwenye mgunga wenye kisima, na walipita wakati yeye akiwa msichana, wengi, usiku kucha. Nilimpa mkaa. Alichora njia yake kwa mkono unaotetemeka, akauvuka waya wangu wa kutu bila kuuangalia, akaenda hadi ukingoni.

Tangu siku hiyo nafunga kipande cha mkaa kwa uzi kwenye kila kitambaa. Uzi uwe mrefu kiasi cha kufika kona zote nne.